Mwanangu akijiunga na Wajesuiti, mshahara wake utakwenda wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu wa kwanza anasoma Marekani, katika chuo kikuu cha Wajesuiti. Anasema mapadre wanaomfundisha, maprofesa kabisa, wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja, na mshahara hauingii mfukoni mwa mtu. Sasa anataka kujiunga nao. Mimi ni mjane. Kuna haki hapo? (Mama wa Kibosho, Moshi)

JIBU: Milele amina, Mama. Alichokuambia ni kweli. Wajesuiti ni shirika la watawa, na mtawa akifanya kazi, anachopata ni mali ya shirika. Ndivyo isemavyo kanuni ya 668 ya Sheria za Kanisa za 1983. Profesa huyo akitaka viatu au nauli, anaomba kwa mkubwa wa jumuiya, hata akiwa na mvi. (Wengi hushindwa hapo, si kwenye useja kama watu wanavyodhani.)

Usishangae pia ukisikia hawakusanyiki kuimba masifu, yaani sala za vipindi vya siku, kama wamonaki. Mwanzilishi wao, Mtakatifu Inyasi wa Loyola, hakutaka wafungwe na wajibu huo, ili wawe wepesi kutumwa popote. Kila mmoja anasali vipindi vyake na kuchunguza dhamiri mara mbili kwa siku.

Ila Mama, nadhani hujauliza habari za mshahara. Umeuliza nani atakutunza, nami sitakujibu "Mungu anajua" nikaishia hapo. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo hilihili: mtu anamnyima mzazi wake riziki kwa kisingizio kwamba ni Korbani, imeshatolewa kwa Mungu (Mk 7:11). Mtakatifu Thomasi wa Akwino naye anafundisha kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawana njia nyingine ya kuishi ila yeye, si halali kuwaacha akaingia utawani.

Basi pima kwa ukweli. Umesema ni wa kwanza, kwa hiyo wako wadogo zake. Kama wanaweza kukushika mkono, hao ndio watakaopanda kuja nyumbani Krismasi na sukari na mchele, na huyu atakuja mikono mitupu. Lizoee hilo mapema. Kama huna mwingine kabisa, mwambie, naye awaeleze wanaopokea waombaji kabla hajaingia, wala asione haya.

Akipokelewa huku kwetu, unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya utawa, ni miaka miwili, na nyumba yao ya Gonzaga Gonza iko hapo Arusha tu. Wakikuruhusu kumtembelea, panda basi ukamwone. Pesa usimpe.