Binti yangu amemega ugali na gumba lake

Jana jioni binti yangu wa miaka minne alimega ugali, akaubonyeza kishimo na gumba, akachota sukuma. Kwenu si kitu. Mimi nilitoka nikaenda kulia huko nje kwa kamba ya nguo, maana hilo gumba zamani lilikuwa kidole cha shahada.

Sasa kuna mama wa Umoja, hapa Nairobi, amenitumia meseji, mtoto wake ana "kagumba kanakoning'inia", anauliza afanye nini. Wangu alizaliwa hivyo hivyo mkono wa kulia, kagumba kameshikwa na ngozi tu, ukikagusa kanazunguka. Mama mkwe akauliza nilikula nini na mimba yake. Nilijilaumu sana mpaka daktari akanieleza mkono huumbika kati ya wiki ya nne na ya nane, wakati wengine hata hatujajua tuna mimba.

Akasema hako tukatoe, halafu kidole cha shahada kifupishwe mfupa, kizungushwe kikae mahali pa gumba, mishipa yake ya damu na ya fahamu ikiwa haijakatwa. Wao huita polisizesheni. Nikakataa! Vidole vyenyewe ni vinne na hako, uniondolee kimoja? Nikabeba mtoto nikapanda matatu nikarudi Kayole, na kwa mwaka mmoja na nusu nikawa nakapaka kale kagumba rangi ya kucha. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Tuliporudi, daktari hakubishana na mimi, alimpa mtoto kipande cha biskuti. Akakibana kati ya shahada na kidole cha kati, kama mzee anashika sigara. Daktari akasema, "Mama, huyu ameshajichagulia gumba lake, ni wewe hujakubali."

Foleni na fomu za SHA, bima ya afya ya serikali, naruka, mnazijua. Lakini mama wa Umoja, kabla ya thieta uliza kuhusu eko (picha ya moyo), picha ya figo na vipimo vya damu, kwa sababu shida ya upande wa gumba wakati mwingine haiji peke yake. Wangu alipofanyiwa upasuaji, plasta ngumu ya mkono ilipita kiwiko, fupi wataichomoa hawa watoto. Na ilipotolewa nilidhani wameniharibia mtoto, kidole kigumu, kimevimba, hataki hata kukiangalia. Dawa ikawa ndengu, kila jioni tunaziokota moja moja kwa sinia, miezi na miezi, mimi nimechoka, yeye analia.

Na wazazi wenzangu, tuache kuficha hawa watoto. Nasema hivyo na mimi mwenyewe nilimvalisha sweta ya mikono mirefu kanisani, jua la Januari! Tuache pia kufunga kidole cha sita na uzi nyumbani, peleka kwa daktari. Na mama wa Umoja, usingoje kama mimi, nenda wiki hii.

Baada ya kula aliniletea ile chupa ya rangi ya kucha, akanyoosha mkono wa kulia. Nikapaka vidole vyote vinne, akataka nianze na gumba.