Konokono wasio na gamba kwenye maharage: usirudie kulima

Dada yangu, umesema maharage yako huko Lushoto, kwenye shamba unalopanda bila kutifua udongo, lenye matandazo mengi, yanakatwa usiku, na jirani anakushauri ulime upya. Usilime, matandazo hayo ndiyo yanayoshika udongo wa miteremko yenu.

Kwanza mjue adui. Jioni tandika gunia lililolowa kati ya mistari, alfajiri lifunue. Ukikuta konokono wasio na gamba wamejikunyata chini yake, na ute unaong'aa kwenye majani, ndio wenyewe. Waokote pamoja na mayai yao, vishada vya punje ndogo angavu.

Mbegu iliyoachwa bila kufukiwa huliwa humohumo shimoni. Kwa hiyo sogeza matandazo kando ya mstari, ufukie vizuri. Mahindi yakitafunwa majani machanga kwa kawaida hupona, maana kiini chake kinachochipua majani bado kiko chini ya udongo; harage likikatwa chini ya majani yale mawili ya mbegu halirudi, pandia pengo mapema.

Dawa ya wadudu usipige! Konokono haimwui, inaua mbawakawa wanaomla. Ukilazimika, tafuta chambo cha fosfeti ya chuma. Cha metaldehaidi kinaua mbwa na kuku.