Maswali ya wazazi na walimu kuhusu akademi za soka

Mwanangu ana miaka 14. Kuna bwana amemwona uwanja wa Kirumba, anasema amempatia majaribio Ubelgiji na klabu itamsajili hapo hapo. Anataka milioni tatu za viza na tiketi. Nikope? (Mama, Mwanza)

Dada yangu, usikope. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji kinakataza aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine. Ruhusa zilizopo ni chache: wazazi wawe wamehamia huko kwa sababu isiyohusu mpira, au mtoto awe anaishi si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu iwe umbali kama huo upande wa pili, au awe mkimbizi, au awe na miaka 16 na kuendelea na anahama ndani ya Umoja wa Ulaya. Zipo nyingine moja mbili, lakini mtoto wa Mwanza wa miaka 14 anayefuata mpira tu haingii popote. Kwa kifungu hiki hiki Barcelona walifungiwa kusajili katika madirisha (vipindi vya usajili) mawili ya mwaka 2015, na Chelsea wakaadhibiwa 2019. Kama vigogo hao hawakupona, huyo bwana atapitia wapi?

Mwombe namba ya leseni yake ya uwakala, kisha ipeleke TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Barua ya mwaliko akikuletea, usipige simu iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Tafuta mwenyewe namba ya klabu kwenye tovuti yao. Atakuambia nafasi inafungwa Ijumaa. Iache ifungwe. Wapo vijana wa Afrika waliotelekezwa Ulaya na watu wa namna hii, bila nauli ya kurudi, na nyumbani shamba limeshauzwa.

Kijana wangu wa miaka 12 yuko akademi nzuri, ila anasugua benchi kwa sababu ni mdogo wa mwili. Nimhamishe? (Baba, Nairobi)

Kwanza niambie kazaliwa mwezi gani. Kama madaraja ya umri yanakatwa Januari, mtoto wa Novemba anacheza na wenzake waliomtangulia karibu mwaka mzima, na katika umri huo mwaka mmoja ni kilo kadhaa na hatua ndefu zaidi. Walimu wengi huchagua mwili wakidhani wamechagua kipaji. Arsenal walimwacha Harry Kane akiwa na miaka minane. Miaka mingi baadaye akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Tottenham, majirani zao.

Sasa nenda kasimame pembeni siku ya mazoezi, usimwite wala usimwelekeze. Tazama kabla pasi haijamfikia: anageuza shingo kuangalia nyuma yake? Mguso wake wa kwanza unampeleka penye nafasi, au unampeleka kwa beki? Akipoteza mpira, anauomba tena au anajificha nyuma ya mtu? Mtoto mdogo anayeuomba tena ana kitu ambacho urefu hauwezi kuleta. Kisha muulize mwalimu, kwa adabu, ana mpango gani naye msimu huu na atampa dakika ngapi. Kama jibu ni "akikua tutaona" na dakika hazipo, mhamishe. Miaka 12 ni ya kucheza, na hakuna anayejifunza mpira akiwa amekaa.

Akademi imemkataza mwanangu kucheza ndondo (mechi za mtaani) na hata UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wana haki? (Mzazi, Morogoro)

Ndondo, naikubali hoja yao: viwanja vibovu, mechi mfululizo, na akivunjika hakuna wa kumtibu. Mashindano ya shule ni jambo la kuzungumza kati ya mzazi, shule na akademi. Omba sheria hiyo kwa maandishi. Kama haimo kwenye fomu uliyosaini, dai nafasi ya mwanao.

Nafundisha watoto Temeke bila mshahara. Mmoja akiuzwa Ulaya kesho, nitapata chochote? (Mwalimu)

Mwalimu, swali lako linaniuma, kwa sababu jibu linategemea karatasi ambazo wengi wenu hamna. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kwa ada kabla mkataba haujaisha, kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na wa 16 hadi 23 una 0.5. Ukimlea misimu minne ya mwanzo, akauzwa euro milioni moja, fungu lako ni euro 10,000. Hizo ni mipira, jezi na nauli za miaka.

Lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa na shirikisho, kwa mchezaji aliyesajiliwa kwa jina la klabu hiyo. Majina yaliyo kwenye kaunta buku lako hayahesabiki. Tangu 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, nayo husoma kumbukumbu za usajili za kila nchi. Nenda chama cha soka cha wilaya, sajili timu, na kila msimu sajili watoto. Fanya hivyo mwaka huu.

Nina miaka 18. Kocha anataka nitoe cheti kipya kinachoonyesha 16, nikacheze U-17 (chini ya miaka 17). (Kijana, Tanga)

Mdogo wangu, kataa. Tangu Kombe la Dunia la U-17 la 2009 kule Nigeria, kifundo cha mkono hupimwa kwa MRI, mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili. Mfupa ukionekana umeshafunga ukuaji, unaondolewa mashindanoni. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya U-17 ya Tanzania, walifuzu fainali za Afrika, wakaondolewa kwa udanganyifu wa umri, na wenzao waliosema kweli wakabaki nyumbani pia. Tena wewe una miaka 18: sasa klabu ya nje inaweza kukusajili kihalali. Ukijiandika 16, unajifungia mlango huo kwa miaka miwili.