Kwa nini Diwali hubadilika tarehe

Ndugu, Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, hufuata mwezi: ni usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, kati ya Oktoba na Novemba. Haizunguki mwaka mzima kama Idi, kwa sababu kalenda ya Wahindu huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu. Na giza hilo ndilo linalozipa maana zile taa za udongo zinazowashwa usiku huo. Kaskazini mwa India, hukumbukwa mungu Rama akirudi mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni. Bengal, mashariki, husali kwa mungu wa kike Kali. Wagujarati, hata wenye maduka Mombasa na Dar, humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, abariki daftari jipya la hesabu (siku hizi hata kompyuta!), maana mwaka wao mpya uko mlangoni.