Maswali yenu ya PLC: waya ukikatika itakuaje?

Haya wadau, maswali ya PLC, ile kompyuta ya kuendesha mashine kiwandani, yamejaa, nimechukua manne, mengine yatasubiri.

"Kompyuta ya kawaida ina spidi kuliko PLC, kwanini viwandani wanang'ang'ania PLC?"

Spidi inayo, ila mashine haitaki spidi tu, inataka uhakika. PLC inasoma inputi zote, inapitia programu yako toka juu hadi chini, inaandika kwenye autiputi halafu inaanza upya, mzunguko mzima mara nyingi ni milisekunde chache tu. Kompyuta ya ofisini inaweza kuamua kupiga apdeti sekunde ileile valvu inatakiwa ifunge. Na hapo sijagusa vumbi, joto na mtetemo.

"Kitufe cha stop nimekifunga NO na kinapiga kazi fresh, mwalimu anasema niweke NC. Ananionea?"

Hakuonei mkuu. NO ni kitufe kinachopitisha umeme pale tu unapokibonyeza. NC maana yake umeme unapita muda wote, ukibonyeza unakatika, PLC inaona 0 inazima mota. Sasa panya akitafuna waya au skrubu ya teminali ikilegea, PLC inaona 0 hiyohiyo, mashine inasimama, utanuna kidogo, utatafuta hitilafu, yameisha. Ukiweka NO waya ukikatika hakuna anayejua, mashine inadunda kama kawaida mpaka siku mtu kanaswa mkono. Niliwahi kukuta mkanda wa kubeba mizigo umefungwa hivyo, jamaa anabonyeza stop mara tatu mkanda unaenda tu, ikabidi mtu akimbilie swichi kubwa ukutani, tulipofungua boksi la kitufe waya unaning'inia na ncha imeshika kutu, yaani ulichomoka siku nyingi.

Wengi wanachanganyikiwa kwenye lada (programu ya PLC inayochorwa kama ngazi): kitufe cha nje ni NC lakini ndani ya programu unachora kontakti iliyo wazi (alama inayopitisha inputi ikiwa 1), kwa sababu inputi iko 1 wakati mambo yako sawa. Chora iliyofungwa uone, mota haitawaka hata uibembeleze. Na ile stop nyekundu ya dharura usiitegemeze kwenye programu ya PLC ya kawaida, ipitishe kwenye rilei ya usalama (kifaa cha kukata umeme bila kutegemea programu) ikate umeme wa kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota) moja kwa moja, PLC ipewe taarifa tu.

"Kwanini sensa zinatoa 4 mpaka 20 mA, si wangeanzia 0?"

Ni stori ileile ya waya. mA ni miliampea, kipimo cha mkondo wa umeme. Tangi la mita 5, 4 mA ni tupu, 12 mA ni mita 2.5, 20 mA limejaa. Ukiona 0 mA sio tangi tupu, ni waya umekatika au sensa imekufa. Ila faida hiyo haiji yenyewe, lazima uandike: ikishuka chini ya 3.6 zima pampu, piga alamu. Watu wanabadilisha mA kuwa mita wanaondoka zao, siku waya ukikatika PLC inasoma mita -1.25, inaona tangi limekauka, inajaza bila wasiwasi mpaka sakafu inaogelea.

"Oveni yangu ya PID inapitiliza joto kila ikiwashwa ikiwa ya baridi, halafu inachelewa sana kurudi. Nimebadilisha namba zote tatu."

Kwa wageni, PID ni hesabu ya kontrola ya kurekebisha joto: P inafuata tofauti iliyopo sasa kati ya joto na ulilotaka, I inalimbikiza tofauti za nyuma, D inaangalia kasi ya mabadiliko. Zote tatu kwa mpigo? Hapo hutajua ipi imefanya nini. Dalili zako ni za I: hita iko 100% haina pa kuongeza, lakini I inaendelea kulimbikiza, joto likifika ulipotaka bado lile rundo lipo na linachukua muda kuisha. Kontrola nyingi zina seti ya kuzuia huo mlimbikizo, iwashe, D weka 0, anza na P peke yake kisha I kidogokidogo. Ikigoma angalia sensa imekaa wapi, ikiwa mbali na hita inachelewa kuona joto na utahangaika na namba bure. Ukishindwa nitumie grafu ya joto na ya autiputi kwa pamoja, ya joto peke yake haitoshi.