Maswali ya Wasomaji: Kulinganisha Mafaili Mawili ya JSON

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Kila mwisho wa mwezi mfumo wetu hutoa daftari zima la wanachama katika faili la JSON, nami hutakiwa kuieleza bodi ni nini kilichobadilika tangu mwezi uliopita. Nimejaribu amri ya diff, lakini inanionyesha kwamba karibu kila mstari umebadilika, ilhali najua wanachama waliobadilishiwa taarifa hawafiki kumi. Je, ipo njia ya kuyapata mabadiliko ya kweli peke yake?

JIBU: Ndugu Katibu, diff imefanya kazi ileile iliyoundiwa mwaka 1974 katika maabara ya Bell huko Marekani, nayo ni kulinganisha maandishi mstari kwa mstari. Faili lako la JSON, yaani maandishi yanayotunza data kwa majina ya sehemu na thamani zake, ni mti: lina shina, shina lina matawi, na matawi huishia kwenye majani, yaani jina, simu au idadi ya hisa. Mti uleule unaweza kuandikwa kwa sura nyingi. Mfumo wenu ukiitanguliza simu kabla ya jina, au ukibadilisha nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari, mti unabaki ulivyokuwa, lakini mistari inakuwa mingine kabisa.

Kwa hiyo yafanye kwanza mafaili yote mawili yawe na sura moja, ndipo uyalinganishe. Programu ya jq, ambayo haina malipo, ina chaguo la -S linalopanga majina ya sehemu kwa alfabeti:

jq -S . zamani.json > zamani-safi.json

Fanya vivyo hivyo kwa faili jipya, kisha uyapeleke yote mawili kwenye diff. Kelele nyingi zitatoweka, ila huenda zisiishe. Kanuni za JSON zinasema kwamba sehemu zilizo ndani ya mabano yaliyopindika hazina mpangilio maalumu, lakini orodha iliyo ndani ya mabano ya mraba ina mpangilio, na jq huuheshimu. Programu haiwezi kujua kwamba kwenu ni mamoja mwanachama akitajwa wa kwanza au wa mia. Hilo unalijua wewe, na ni lazima uiambie.

Kuna wanaoshauri kuipanga orodha kwa namba ya uanachama, na si ushauri mbaya. Mimi napendelea kuigeuza orodha hiyo iwe matawi yanayotambulishwa kwa namba zenyewe, halafu kuupitisha mti katika programu ya gron, ambayo huandika kila jani katika mstari wake pamoja na njia nzima ya kulifikia kutoka kwenye shina. Ukichukulia kwamba orodha yenu inaitwa wanachama na namba ya uanachama inaitwa namba, amri ni hii:

jq '.wanachama |= INDEX(.namba)' zamani.json | gron > zamani.txt

Ukishatoa mpya.txt kwa njia hiyohiyo, andika diff zamani.txt mpya.txt, nawe utaona mistari ya namna hii:

< json.wanachama.M0417.hisa = 12;
> json.wanachama.M0417.hisa = 15;

Mstari wa juu umetoka faili la zamani na wa chini umetoka jipya, na bodi inaona mara moja ni mwanachama yupi na ni kitu gani kilichobadilika. Mwanachama mpya akiingia katikati hawasogezi wenzake, jambo ambalo lingetokea kama kila mmoja angetambulishwa kwa nafasi yake katika orodha.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hizi ni fedha za watu. Endapo wanachama wawili wameandikwa kwa namba moja kwa makosa, INDEX, ile sehemu ya amri inayoigeuza orodha kuwa matawi, humbakiza wa mwisho tu na kumwacha mwingine bila kukuonya. Hesabu idadi kabla ya kugeuza, kwa jq '.wanachama | length', kisha hesabu tena baada ya kugeuza. Zisipolingana, simama hapo na utafute namba iliyorudiwa.

Hatari ya pili ni namba ya kitambulisho cha Taifa, ambayo ina tarakimu 20. Ikiwa imeandikwa katika faili bila alama za nukuu, jq huichukua kuwa namba ya hesabu, na matoleo yaliyotangulia 1.7, lililotoka mwaka 2023, huzikadiria tarakimu za mwisho. Vitambulisho viwili vinavyotofautiana katika tarakimu mbili za mwisho vinaweza kutoka vikiwa sawa, nawe ukaiambia bodi kwamba hakuna kilichobadilika. Angalia toleo lako kwa jq --version, na umwombe fundi wa mfumo aandike vitambulisho vyote ndani ya alama za nukuu, maana hakuna atakayevijumlisha wala kuvitoa.

SWALI: Mafaili yangu ni ya XML. Je, njia hiyo inanifaa? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Wazo ni hilohilo, ila chombo ni kingine. Tumia xmllint:

xmllint --c14n zamani.xml | xmllint --format - > zamani-safi.xml

Sehemu ya kwanza ya amri hupanga sifa zilizo ndani ya kila lebo, yaani alama inayofungua sehemu ya data na kuitaja jina; sifa hizo katika XML hazina mpangilio maalumu. Ya pili husawazisha nafasi na mistari. Lebo zenyewe hubaki katika mpangilio wake, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa katika XML mfuatano wa lebo ni sehemu ya data. Baada ya hapo diff -u inatosha.