Creon ni mjomba wake, wadogo zangu

Wiki hii nimesoma skripti zenu tatu mfululizo, usiku, tanzia za Kigiriki mlizozihamishia kwa Walatino wa Marekani, na mbili kati yake zina kosa lile lile la kumfanya adui mtu baki, nililolifanya mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Los Angeles. Nawapenda ndo maana naandika, ila jamani haya mambo si tuliyaongea mezani?

1. Soma tafsiri mbili tatu za Mgiriki kabla hujafungua kompyuta. Hiyo haina mjadala.

2. Kispanyola. Acheni kumfanya cholo, kijana wa mtaani mwenye asili ya Meksiko, wa Boyle Heights hapa Los Angeles aongee kama mtangazaji wa habari wa Madrid. Hawa watu wanachanganya Kiingereza, Kispanyola na caló, ile lugha yao ya mtaani, kwenye sentensi moja, na usimpe mhusika wa pili kazi ya kutafsiri kila neno, hakuna nyumba watu wanaongea hivo. Mwigizaji akikurekebisha, andika alivyosema yeye.

3. Korasi, lile kundi linalotazama na kuyasema yanayotokea, msiikate eti bajeti. Muangalieni mwandishi wa tamthilia Luis Alfaro, kwenye Electricidad korasi ni wanawake wa mtaani, kwenye Oedipus El Rey ni wafungwa, yaani watu ambao hawana pa kuhamia, wanaona kila kitu na kesho wataamka pale pale. Mama yangu alikua na jirani Ngamiani, kule Tanga, akishika tu ufagio asubuhi ujue habari za nyumba yenu anazo zote. Huyo ungemleta stejini leo angejua mwenyewe pa kuingilia.

4. Sasa hili la Creon, na hapa naomba mtulie.

Kwenye tamthilia ya Sophocles, Antigone ni binti anayemzika kaka yake ingawa mtawala, Creon, kakataza. Mimi Antigone yangu niliiweka kusini mwa Arizona, kaka mtu kafia jangwani, maiti haijazikwa. Creon nikamfanya sherifu Mzungu, kofia kubwa, sauti kubwa, hana undugu na mtu yeyote kwenye tamthilia. Haemon, mtoto wa Creon na mchumba wa Antigone, nikamfuta kabisa, manake mtoto wa sherifu yule atamchumbia vipi Antigone? Dairekta aliniuliza mara mbili Haemon yuko wapi, nikamjibu anachelewesha hadithi. Nilijibu kwa kujiamini kabisa.

Tukaisoma kwenye ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, tamale mezani. Watu walipiga makofi sherifu alipotukanwa na mimi nikaona nimeshinda. Kufika kwenye maswali akasimama bibi mmoja, sahani bado iko mkononi, akasema huyu mwanamume hamjui huyu binti, sasa kumkatalia kunamuuma nini? Halafu akasema, taratibu tu, mwanangu ni wa migra, askari wa mpakani, kila Jumapili anakula kwangu. Akakaa. Ukumbi mzima ukanyamaza na hakuna aliyegeuka kumtazama, manake kumbe wengi wao wana mtu kama huyo nyumbani. Karibu nusu ya askari wa doria ya mpaka wa Marekani ni Walatino, hiyo namba nilishaisoma kitambo na sikuifanyia kazi yoyote.

Usiku ule nilirudi kwa Sophocles nikaona aibu. Creon ni kaka yake Jocasta, na Jocasta ndo mama yake Antigone. Mjomba! Mimi mtoto wa Pwani, nimekua najua mjomba ni nani, kwamba mama akiondoka yeye ndo anabaki mahali pake, halafu nikamtoa mjomba nikaweka mtu baki. Binti anamwagia maiti vumbi kavu kwa mikono yake, na sie kwetu tunarusha udongo kaburini mara tatu, nilishika udongo huo kwa babu yangu na bado sikuuona kwenye kitabu.

Najua mnaitoa wapi hii tabia ya adui mtu baki. Mnampenda Luis Valdez na kundi lake la El Teatro Campesino, na mimi nampenda, 1965, mgomo wa vibarua wa mashambani kule Delano, California, stejini ni nyuma ya lori, waigizaji wamevaa vibao shingoni ili ujue nani bosi nani kibarua. Ile acto, igizo lao fupi, ilikua na kazi yake, mtu atoke pale akajiunge na mgomo, na bosi wa kibao anatosha. Tanzia inataka adui ambaye ukimpoteza utamlilia.

Basi nikaandika upya. Creon akawa mjomba aliyewalea, ni wa migra, ndo analipa nyumba. Kaka mmoja kafa na yunifomu, kazikwa na bendera. Mwingine alikua coyote, mvusha watu mpakani kwa magendo, maiti yake iko mochwari Tucson na mjomba kasema hakuna wa nyumba hii atakayesaini kuichukua. Na binti hana makaratasi, akienda kusaini anajianika yeye na mjomba wake pamoja. Haemon alirudi mwenyewe, sikumtafuta.

5. Kumfananisha Medea na La Llorona, ule mzimu wa Kimeksiko, eti wote ni mama walioua watoto wao, tafadhali, wengi wameshapita hapo, na mwandishi Cherríe Moraga kapita mbali kuliko sisi wote. Kama lazima, fanya kama Alfaro kwenye Mojada: Medea ni fundi cherehani kutoka Michoacán, hana vibali. Ndo ugeni wenyewe ule wa Euripides.

6. Someeni wazee kabla ya wakosoaji, na pikeni.

Skripti zenu nimeziacha mezani. Mstari wangu wa kwanza siku hizi Antigone anausema akiwa ameshika buti za Creon mlangoni, zimejaa vumbi jekundu. Anamuuliza, "Mjomba, leo umepita wapi?"